Baharia Aliyeteremka Chomboni: Maneno ya Bahari katika Ushairi na katika Lugha ya Mitaani

Miongoni mwa maneno ya mwanzo anayofundishwa mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili limo neno lililohama. Utungo husemwa kuwa uko katika bahari fulani: bahari ya utenzi, bahari ya shairi, bahari ya wimbo, bahari ya ukawafi. Istilahi hiyo ilitoka kwa wanazuoni wa arudhi ya Kiarabu, ambao kwao neno moja lilitaja maji makuu na mwendo wa utungo pia. Ubeti nao asili yake ni nyumba, na mizani ni kifaa cha mfanyabiashara dukani. Kwa hiyo, kabla hajatunga hata mshororo mmoja, malenga amekwishakopa baharini, nyumbani na sokoni. Wala haikusikika barazani kwamba washairi wameliharibu neno bahari kwa kulipandisha nchi kavu na kulifungia ndani ya vina.

Lawama ya uharibifu hutupiwa watu wengine. Hutupiwa vijana wa mitaani, makondakta wa daladala, waimbaji wa muziki wa kizazi kipya na, katika miaka ya karibuni, wale wanaoandikiana kwa simu. Mzee husema kuwa Kiswahili cha siku hizi hakifahamiki. Kijana hujibu kwamba Kiswahili cha mzee kimelala. Mabishano hayo yana umri mkubwa kuliko wote wanaoyaendesha, na kwa kawaida hayafiki popote, kwa sababu pande zote mbili hugombania kama neno lina haki ya kubadili maana. Haki hiyo neno linayo, na mfano wa bahari unatosha kuithibitisha. Suali lenye manufaa zaidi kwa mpenzi wa ushairi ni jengine: neno linapotoka kizazi kimoja kwenda chengine, linachukua nini na linaacha nini nyuma? Katika visiwa na katika mwambao wote, hapana pahala pazuri pa kulijibia suali hilo kuliko msamiati wa bahari, kwa kuwa maneno aliyoyatumia malenga kwa mafumbo yake ndiyo hayo hayo anayoyatumia kijana wa leo kwa mzaha wake.

Kwanza yatazamwe maneno yaliyohama bila ya kulaumiwa. Rubani alikuwa mtu wa chombo, mjuzi wa njia za maji, miamba na mikondo. Leo akitajwa rubani, msikilizaji hutazama juu. Nahodha amepata kazi ya pili katika kiwanja cha kandanda, kitambaa mkononi. Manowari, meli ya kivita, ni Kiingereza cha wanamaji kilichotiwa irabu na masikio ya watu wa pwani. Maneno yote matatu yamo katika kamusi, yanafundishwa skuli na kusomwa katika taarifa za habari. Baada ya hayo atazamwe msela. Neno hilo nalo limetokana na Kiingereza cha watu wa meli, kutoka katika neno lenye maana ya baharia, na limepita njia ile ile aliyoipita manowari. Tofauti yao ni mchukuzi. Manowari ilibebwa na dola, na rubani akabebwa na mashirika ya ndege. Msela alibebwa na kijana asiye na kazi, na kwa muda mrefu akaambiwa angoje nje ya mlango.

Msela alishamiri katika miaka ya 1990, pamoja na muziki wa Bongo Fleva. Jina la muziki huo lenyewe ni somo. Dar es Salaam, jiji ambalo jina lake rasmi limebeba salama, liliitwa Bongo na wakaazi wake kwa kuwa anayetaka kuishi humo hana budi kutumia ubongo. Kisha jina likaenea hadi likawa jina la utani la Tanzania nzima. Katika Bongo hiyo, wasela walikuwa vijana waliokutana kijiweni, wasiokuwa na mali ya kugombania ila walio tayari kugawana walichonacho. Usela ukawa hali ya mtu asiyeoa wala kumiliki, na kuishi kisela kukawa kuishi bila ya makuu. Hakuna aliyehitaji kuona meli ili aitwe msela.

Mwishoni mwa miaka ya 2010 kikaja kizazi chengine na neno lake: baharia. Ni kana kwamba mdogo mtu alilichukua neno ambalo kaka yake alilikopa kwa Waingereza akalirejesha katika Kiswahili, lakini maana haikurudi ilikotoka. Baharia wa mtaani ni mwanamume mjanja wa mapenzi, mwenye mpenzi katika kila bandari, na mwenye kuaminiwa na mabaharia wenziwe kwamba hatatoboa siri. Wanawake hulitamka neno hilo kwa kejeli, na wanaume kwa fahari iliyochanganyika na kicheko.

Kwa mzee wa Malindi, Tumbatu au Mkokotoni, baharia alikuwa na kazi. Alipandisha foromali, alifua maji yaliyojaa ngamani, alijua upande wa joshi na upande wa demani, na alikaa chini ya amri ya serahangi, naye serahangi chini ya nahodha. Katika majahazi mengi ya biashara hakuwa na mshahara wa mwezi. Alipata fungu lake katika pato la safari, na safari ikiharibika, hasara nayo ilikuwa ya wote. Aliondoka na upepo na kurudi na upepo. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kusi ikayarudisha. Waliobaki pwani walihesabu siku zao kwa pepo hizo.

Hapo ndipo ulinganisho unapofundisha jambo. Kizazi cha msela kilirithi kwa baharia umoja wa watu wenye taabu moja na mafungu ya kugawana. Kizazi cha baharia wa mtaani kilirithi bandari nyingi na siri ya chomboni. Hakuna kati yao kilichorithi kazi, wala kungoja kwa wale walioachwa pwani. Maana ya neno iligawanywa kama mali ya marehemu, na baadhi ya mafungu hayakupata mrithi.

Athari yake kwa ushairi ni ya wazi. Ukisomwa darasani leo utungo wa mwanamke anayemngojea baharia wake, ilhali pepo zimekwishageuka na majahazi mengine yametia nanga, si ajabu kicheko kikazuka madawati ya nyuma. Mwalimu mwenye haraka atakikemea. Mwalimu mwenye subira atakitumia, kwa kuwa wanafunzi hao wamegusa jambo ambalo mtungaji hakulikosa, nalo ni hofu ya mke kwamba kuchelewa kwa chombo kuna sababu isiyokuwa upepo. Maana mpya imefunua chembe iliyokuwamo ndani ya maana kongwe. Lakini wanafunzi wakiishia hapo watakuwa wameikosa hofu ya pili, iliyo nzito zaidi, kwamba huenda baharia hayuko hai. Utungo wa namna hiyo husimama baina ya hofu hizo mbili. Ukiondoshwa mguu mmoja, unabaki mzaha.

Ama kuhusu chombo, hali ni ngumu zaidi, kwa sababu hapa washairi hawawezi kujitoa. Kumfumba mwanamke kwa jina la chombo ni ada ya siku nyingi katika mashairi na katika nyimbo za taarabu. Chombo huundwa, hupambwa, hupewa nahodha, hupigwa na mawimbi, kisha huingia bandarini au huvunjika mwambani. Kijana anayemwona msichana akipita na kusema kuwa hicho ni chombo hajabuni kitu. Amechukua istiari ya babu zake akaifupisha hadi ikawa neno moja, na kilichoanguka njiani ni mwendelezo wa istiari yenyewe. Katika utungo mrefu chombo kina madai juu ya nahodha wake. Kinadai kukalafatiwa, kungojewa upepo, kutopakiwa kupita uwezo wake, na kupakwa sifa, ambayo kwa fundi wa vyombo ni mafuta ya papa na kwa mshairi ni neno la kuchezewa kwa maana zake zote mbili. Nahodha asiyeyatimiza hayo ndiye anayesutwa chombo kinapozama. Neno la mtaani halina nahodha wa kusutwa. Kimebaki chombo peke yake, na jicho la mpita njia.

Samaki nao wamepanda nchi kavu. Baadhi yao wamepata bahati: papa amekuwa mkubwa wa rushwa na wa biashara ya dawa za kulevya, na dagaa ni wadogo wanaokamatwa kwa niaba yake. Magazeti hutumia majina hayo bila ya haya, na ni kejeli nzuri, kwa kuwa inamwelekea mwenye nguvu. Changudoa ndiye aliyeteremka chini kuliko wote. Mvuvi anamjua changu doa kuwa ni samaki mwenye baka jeusi ubavuni, na jina lake halina neno. Tangu miaka ya 1990 jina hilo, likiandikwa kwa kuunganishwa, limekuwa jina la kumdhalilisha mwanamke anayeuza mwili wake, na mara nyingi mwanamke yeyote ambaye msemaji ameamua kumchukia. Doa limehama kutoka ubavuni mwa samaki likatua juu ya heshima ya mtu.

Maneno haya yakipangwa katika safu moja, huonekana jambo ambalo neno mojamoja halilioneshi. Mwanamume ni msela, baharia au nahodha. Mwanamke ni chombo, ni samaki, ni kitu cha kuopolewa. Bahari ya mitaani imegawa kazi zake kwa namna hiyo, na ni haki ya mhakiki kuuliza ni nani aliyeigawa. Vijana hawawezi kulaumiwa peke yao. Ramani hiyo ilichorwa na watungaji wenye majina, ikapigiwa vigelegele na vizazi vya wasikilizaji, kisha ikarithiwa na watoto ambao hawakuachiwa adabu zilizokuwa zikiizunguka. Anayewakemea kwa tusi la changudoa huku akiusifu utungo unaomfanya mwanamke shehena, amekemea nusu ya kosa.

Hata hivyo, bahari hiyo ina neno moja ambalo wanawake wamelishika sawa na wanaume. Kutosa, katika maana yake ya zamani, ni kutia majini. Jahazi lilipolemewa na dhoruba, shehena ilitoswa ili watu wapone. Jambo hilo halikuachiwa hasira ya mtu mmoja. Wanazuoni wa sheria walikwishajadili ni wakati gani mali huweza kutoswa, na namna hasara yake inavyogawanywa baina ya wale ambao mali zao zimesalimika. Mtaani, kumtosa mtu ni kumkataa au kumwacha katika mapenzi. Msichana humtosa mvulana, na mvulana humtosa msichana, bila ya kitenzi kubagua. Usawa huo ni faida, na haufai kupuuzwa: mtu aliyekuwa chombo sasa anashika usukani na kuamua ni kipi kibaki ndani.

Kilichopotea ni mambo mawili, dhoruba na fidia. Anayetosa mtaani hadaiwi kuieleza tufani iliyomlazimisha, na aliyetoswa hana pa kudai fungu lake. Mshairi wa leo akiandika juu ya talaka na akalitumia neno kutosa, ana maana za vizazi viwili mkononi. Akiijua ile ya kwanza, anaweza kuuliza maswali ambayo lugha ya mitaani imeyasahau: ilikuwa dhoruba gani hiyo, na ni nani atakayelipa kilichozama? Asipoijua, atakuwa na neno kali lenye uzito mdogo.

Kuzamia nako kumepita ngazi kwa ngazi. Mzamiaji alikuwa mtu wa kwenda chini ya maji kutafuta kitu. Baadaye likawa jina la kijana aliyejificha ndani ya meli ili afike ng'ambo bila ya tiketi wala pasi, safari ambayo wengine hawakuimaliza. Kutoka hapo neno likamteremkia mtu anayeingia harusini bila ya kualikwa. Safari ya kuhatarisha roho imekuwa safari ya sahani ya pilau. Ngazi hizo tatu zinaweza kukutana katika nyumba moja: babu aliyezamia chini ya maji, mjomba aliyezamia meli na mtoto aliyezamia karamu, na kila mmoja akamsikia mwenziwe kwa maana yake mwenyewe.

Neno lililo gumu kuliko yote ni kuopoa. Mtaani, kuopoa ni kumpata mpenzi kwa ujanja au kwa bahati, kama mtu aliyetia mkono majini akaibuka na kitu. Ni neno lenye uchangamfu, na ufundi wa picha yake hauna shaka. Lakini usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba. Tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam kuja Unguja. Katika siku hizo kuopoa hakukuwa na maana ya mtaani kwa mtu yeyote wa visiwani. Walioopolewa walikuwa mzazi, mtoto, jirani, na wapo ambao hawakuopolewa kabisa. Kwa hiyo neno hilo likitamkwa kwa kicheko kijiweni Dar es Salaam, na likitamkwa Wete mbele ya mama aliyepoteza, halina uzito mmoja hata kama wasemaji wana umri mmoja.

Hapo inabainika kwamba kizazi si hesabu ya miaka tu. Kizazi ni watu waliolipitia jambo moja pamoja. Kijana wa Pemba aliyekuwa mtoto mwaka 2011 anaweza kulitumia neno kuopoa kwa maana ya mtaani akiwa na wenziwe, kisha akalimeza mara tu anapoingia nyumba fulani. Hakufundishwa hilo na kamusi wala na mwalimu wa sarufi. Amejifunza kwamba neno lina wenyewe, na kwamba mahali pengine mwenyewe amekaa mbele yake. Adabu hiyo ndiyo ambayo mabishano ya wazee na vijana huisahau, na ndiyo iliyo karibu mno na kazi ya mshairi. Mshairi naye, kabla ya kuliweka neno katika mshororo, hutazama ni nani aliyekaa.

Fasihi inaweza kufanya zaidi ya kutazama. Inaweza kulipandisha neno. Kuli lilikuwa jina lililoletwa bandarini na biashara za kikoloni kutoka Asia, likiwa na dharau ndani yake: mtu asiyejulikana kwa jina, anayehesabiwa kwa mizigo. Mwaka 1979 Adam Shafi aliliweka neno hilo peke yake juu ya jalada la riwaya. Ndani yake msomaji humfuata Rashidi, mtoto wa kuli, katika bandari ya Unguja hadi kwenye mgomo wa wafanyakazi wa mwaka 1948. Herufi za neno hazikubadilika hata moja, lakini msomaji anapofunga kitabu hawezi tena kulitamka kama alivyolitamka alipokifungua. Kuna somo hapo kwa washairi wa leo. Changu doa anaweza kurudishiwa ubavu wake, na baharia kurudishiwa ngama yake, kwa utungo mmoja uliotungwa vizuri, pengine kwa nguvu kubwa zaidi kuliko makaripio mia moja.

Fasihi ina kazi ya pili, nayo ni kuhifadhi. Muyaka bin Haji al-Ghassaniy wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, anakumbukwa kuwa ndiye aliyeutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Lugha yake ilikuwa ya mji wake, na mambo yake yalikuwa ya siku zile: vita, deni, mapenzi, utani na masimango. Katika miaka ya mwisho ya karne ile ile W. E. Taylor alipokuwa akizikusanya tungo hizo Mombasa, zilihitaji mfafanuzi, naye alikuwa Mwalimu Sikujua. Wenyeji wa mji ule ule, katika karne ile ile, walikwishaanza kuhitaji kuambiwa neno lilikuwa na maana gani na lilimlenga nani. Diwani iliyohaririwa na William Hichens ilichapishwa mwaka 1940, miaka 100 baada ya kufariki mtungaji.

Jambo hilo linapindua dhana iliyozoeleka. Hudhaniwa kuwa utungo wa lugha nzito ndio unaohitaji maelezo, na kwamba utungo wa lugha ya watu unajieleza wenyewe. Ukweli una pande mbili. Lugha ya kitabu huchakaa polepole, kwa kuwa kuna madrasa na skuli zinazoishika. Lugha ya sokoni huchakaa haraka, kwa kuwa inashikwa na vinywa tu, na vinywa hubadilika kila kizazi. Kadiri utungo unavyokaribia mazungumzo ya siku, ndivyo unavyomhitaji Sikujua wake mapema. Nyimbo za Bongo Fleva za miaka ya 1990, ambazo wakati huo zilieleweka na kila mtoto, leo zina maneno yanayomtaka baba amweleze mwanawe. Mashairi ya magazetini na mipasho ya taarabu ya miaka ile yako katika hali hiyo hiyo.

Waliokwishaifanya kazi hiyo si wengi. Mtaalamu Rajmund Ohly alichapisha Vienna, mwaka 1987, kamusi ndogo ya misimu ya Kiswahili. Mwaka 2006 Uta Reuster-Jahn na Roland Kießling wakachapisha utafiti wao juu ya lugha ya mitaani ya Tanzania, pamoja na orodha ya maneno na misemo 1,100. Kazi hizo mbili zimetengana kwa miaka 19, karibu umri wa kizazi kimoja, na kwa mwenye subira ya kuzilinganisha ni kama alama mbili za maji juu ya ukuta wa bandari. Hata hivyo, orodha ya misimu humweleza msomaji neno linasema nini leo. Haimwambii neno hilo lilikuwa likifanya kazi gani chomboni. Nusu hiyo ya pili inahitaji mtu aliyeinusa bahari.

Mtu wa namna hiyo alikuwa Haji Gora Haji, aliyezaliwa Tumbatu mwaka 1933 na kufariki mwaka 2021. Alikuwa mvuvi na baharia kabla ya kujulikana kwa tungo zake, na diwani yake Kimbunga, ya mwaka 1994, imebeba jina la upepo. Mwaka 2006 ikatoka kamusi yake ya Kitumbatu. Mara nyingi kazi hizo mbili hutajwa mbali mbali, diwani kwa wapenzi wa ushairi na kamusi kwa wataalamu wa lahaja, ilhali ni kazi moja. Mshairi aliyefumba kwa maneno ya kisiwa chake alijua kwamba fumbo hufa pale neno linapokosa mtu wa kulifumbua, akaandika na ufunguo. Kiunguja cha mjini kilipoteuliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, lahaja za vijiji na visiwa vidogo zilibaki nje ya vitabu vya skuli, na msamiati mwingi wa uvuvi na wa safari ukabaki nazo. Kamusi ya mshairi mmoja wa Tumbatu ni sehemu ya malipo ya deni hilo.

Mabaharia huuita wakati wa kugeuka kwa pepo tanga mbili, kwa kuwa kusi imelegea na kaskazi haijashika, na chombo huweza kuelekea upande wowote. Maneno mengi yaliyotajwa hapa yako katika tanga mbili. Bado wapo wazee wanaojua foromali ni kitu gani, na bado wapo vijana wanaoweza kueleza ni lini waliacha kusema msela wakaanza kusema baharia. Wahariri wa diwani, walimu wa skuli na watangazaji wa vipindi vya taarabu wanaweza kuwauliza wote wawili wakiwa bado wanakaa baraza moja. Haitakiwi fedha nyingi. Linatakiwa daftari, tarehe, na jina la mahali neno lilikosikika.

Katika daftari hilo, ingizo moja lingeweza kuandikwa hivi. Baharia: kwanza, mtu wa kazi katika chombo, alipwaye kwa fungu la safari, katika tungo, mtu anayengojewa. Pili, kwa umbo la msela, miaka ya 1990, kijana wa kijiweni anayegawana na wenziwe. Tatu, tangu mwishoni mwa miaka ya 2010, mwanamume wa bandari nyingi na siri nyingi. Chini yake iachwe nafasi ya mistari miwili mitatu, kwa maana ya nne.